Tableti ya shule na mtoto aliyetoka kambini: mfanye aongee

Hii naandika kwa wazazi na kaka na dada wa hapa Louisville na kwingine Marekani, wenye watoto waliotoka Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na kambi zingine. Mtoto anaingia darasa la tano, Kiswahili anasoma vizuri kabisa, Kiingereza hata salamu inamshinda, shule inampa tableti anakuja nayo nyumbani na sisi tunafurahi ametulia, kumbe ni katuni tu. Jamani, akikaa kimya mbele ya hiyo tableti masaa mawili hamna anachojifunza, lazima mdomo ufunguke.

Anzeni na herufi, msizidharau. Kuna binti wa jirani yangu ana miaka kumi, kila mwalimu akitaja E yeye anaandika i, akitaja I anaandika ai, wakadhani hajui kusoma. Anajua sana! Kwa Kiswahili sauti ile ya E ya Kiingereza ndiyo i. Nilifungua kinasa sauti cha tableti nikamrekodia A, E, I kwa majina ya Kiingereza, nikizichanganya, yeye anasikiliza na hedifoni anaandika kwa kidole kwenye skrini, halafu tunabadilishana, anarekodi yeye naandika mimi. Hizo tatu tu kwanza, siku tatu nne, ndizo zinazowavuruga wetu.

Baada ya hapo tumia ile maikrofoni ndogo iliyo kwenye kibodi. Weka kibodi ya Kiingereza, fungua ukurasa wa kuandika, mwambie aseme "the ship is big". Ikiandika sheep basi meli imekuwa kondoo, atacheka na atarudia mwenyewe bila kusukumwa, maana sisi i yetu ni moja tu na Kiingereza wana mbili. Ila lafudhi yetu wakati mwingine mashine haiisikii hata ukitamka sawa, kwa hiyo akijaribu mara tatu endeleeni na sentensi nyingine, usimvunje moyo.

Kusoma: ingieni African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ni bure, hadithi ile ile ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Asome ya Kiswahili kwanza, mwongee habari zake, ndio afungue ya Kiingereza, hapo anatafuta maneno tu, maana tayari anayo. Kama ni iPad, ingia Settings, kisha Accessibility, tafuta sehemu ya kusomewa maandishi uiwashe, ukivuta vidole viwili kutoka juu ya skrini inasoma kwa sauti. Punguza kasi, halafu asome pamoja nayo.

Google Translate pakueni Kiswahili na Kiingereza mkiwa na Wi-Fi, ifanye kazi hata kwenye basi la shule bila intaneti. Lakini angalieni, "yeye" yetu haisemi mume wala mke, mama yako unaweza ukamkuta amegeuzwa he. Ujumbe wa mwalimu kuhusu jambo zito, kama ugonjwa au adhabu, usiutegemee huo, ombeni mkalimani, shule inatakiwa iwape bila kuwatoza hela.

Na kuna ule mtihani wa WIDA, wa kupima Kiingereza cha watoto ambao bado wanajifunza lugha, wanaofanya kila mwaka huku Kentucky: kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Wakiufanya kwenye kompyuta, sehemu ya kuongea mtoto anavaa hedifoni anaongea na mashine, na wengi wanaganda hapo, wanajua jibu lakini wanaona aibu. Basi mzoesheni nyumbani. Apige picha sufuria ya ugali jikoni, abonyeze kurekodi, aeleze kwa Kiingereza nani anapika, anaanza na nini, kwa nini maji yachemke kwanza. Dakika moja kila jioni. Msimkatize akikosea, mwache amalize, halafu msikilize wote wawili.

Kama tableti ya shule imefungwa haikubali kuweka programu, mwambieni mwalimu wa ESL, yule anayefundisha Kiingereza kama lugha ya pili, mnataka ipi, yeye anajua wa kumwomba aifungue.