Kupima moto wa mbabula kwa sufuria mbili za maharagi

Karibu kila parsele (nyumba na kiwanja chake) ya Goma, mashariki mwa Kongo, utaambiwa kwamba maharagi yanataka moto mkali tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nafundisha fizikia na kemia katika sekondari hapa mjini, na neno hilo huwapa wanafunzi wangu ili wakalijaribu nyumbani. Linagusa mfuko wa mzazi, na linagusa somo lenyewe: maada inageuka kuwa nini, nishati inaenda wapi, na mtu anajuaje kwamba analolisema ni kweli. Makala, yaani mkaa wa kupikia, ni ghali, na mengine yanatokana na miti iliyokatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga. Ndiyo maana swali hili nalichukulia kwa uzito.

Anza kwa kulinyoosha swali. Ukiuliza "moto gani ni mzuri?" hutapata jibu, maana uzuri hauna mizani. Uliza hivi: maji yakisha kuchemka, sufuria ya moto mkali inaiva mapema kuliko ile ya moto mdogo unaotosha tu kuendeleza mchemko? Na kila moja inakula gramu ngapi za makala? Hapo umepata vitu viwili vya kupima, dakika na gramu. Kabla hujawasha kitu, andika kwenye kaye (daftari) jibu unalolitarajia na sababu yake. Ukiandika baada ya kuona matokeo, moyo utakushawishi kwamba ulijua tangu zamani.

Unahitaji mbabula (majiko ya makala) mbili za ukubwa mmoja, sufuria mbili zinazofanana na vifuniko vyake, mizani ya dukani, na simu ya kuhesabia muda. Vifaa ni rahisi. Kazi iko kwenye kusawazisha mambo, na hapa nakuomba usiharakishe.

Maharagi yaliyokaa ghalani muda mrefu ni magumu kuiva kuliko mapya. Ukinunua bakuli moja kwa mama huyu na la pili kwa mama yule, hutajua kama tofauti imeletwa na moto au na umri wa mbegu. Nunua aina moja, kwenye gunia moja, changanya yote katika beseni, yaloweke pamoja usiku, kisha gawa kwa mizani. Maji yatoke bidoni moja. Makala yatoke gunia moja, vipande vya ukubwa unaokaribiana, uyapime kabla ya kuwasha. Halafu kuna upepo wa ziwani: mbabula iliyo upande wa upepo huwaka zaidi hata usipoigusa. Kwa hiyo ukirudia jaribio, zibadilishane nafasi. Na lazima urudie, maana matokeo ya jioni moja yanaweza kuwa bahati.

Panga pia mapema "yameiva" maana yake nini. Sisi tunachota mbegu kumi kwa kijiko na kuziminya kwa vidole. Zikipondeka zote bila kiini kigumu, tunaandika saa. Anayeminya asijue mbegu zimetoka sufuria gani. Mpe kazi hiyo mdogo wako aliyekaa ndani ya nyumba, umpelekee kwenye sahani.

Chemsha sufuria zote mbili kwa nguvu dakika kumi za kwanza. Hilo ni la usalama: maharagi, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko. Baada ya hapo iache moja kwenye moto mkali, na ya pili uiondolee makala kadhaa mpaka mapovu yabaki madogo lakini yasikatike. Funika zote. Maji yakipungua, ongeza ya moto na uandike kiasi ulichoongeza.

Mwishoni mwaga makala yaliyobaki juu ya bati kavu na uyafunike kwa chombo cha chuma ili yakose hewa na kuzimika. Usiyamwagie maji. Makala yana vitundu vingi, yatanyonya maji, na mizani itayahesabu. Yakipoa, kung'uta majivu, pima, toa katika uzito wa mwanzo. Makala uliyoyaondoa katikati nayo yazimwe hivyohivyo na kupimwa.

Mama mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwalimu, moto mdogo utawalaza watoto na njaa." Nikamjibu, "Mama, tuyapime pamoja, wewe ndiye utakayeminya." Sufuria zote zikaiva karibu wakati mmoja, na iliyokuwa kwenye moto mkali ilikuwa imekula makala mengi zaidi.

Sababu yake ni hii. Maji yanayochemka katika chombo kisichobana mvuke hayazidi joto la mchemko, hata uyawashie nini. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Harage lililo ndani ya maji hayo linaona nyuzi 95 chini ya moto mkali, na nyuzi 95 chini ya moto mdogo. Nishati ya ziada inafanya kazi nyingine: inatenganisha chembe za maji zilizokuwa zimeshikana, nazo zinatoka kama mvuke.

Tupige hesabu. Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunataka kilojuli (kipimo cha nishati) 4.2 hivi. Lita 5 kutoka nyuzi 20 hadi 95: 5 × 4.2 × 75, yaani kilojuli 1,575. Lakini kugeuza lita 1 tu ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunameza kilojuli zipatazo 2,260. Rudia kuusoma mstari huo. Lita moja iliyoruka hewani imeondoka na joto kubwa kuliko lile lililochemsha sufuria nzima. Ndiyo sababu nilikuambia uandike maji uliyoongeza: hapo ndipo makala yako yalipokwenda.

Kilo moja ya makala makavu hutoa kilojuli zipatazo 30,000. Kwa kuchemsha zile lita 5, gramu 53 hivi zingetosha kama joto lote lingeingia majini. Tuseme mizani yako imekuonyesha gramu 300. Nishati iliyobaki haikufutika. Imeondoka na mvuke, imepasha hewa, bati la mbabula, ukuta, na miguu yako.

Na maada je? Makala yalikuwa mazito, sasa umebaki na majivu ya kiganjani. Katika karne ya 18, mwanakemia Lavoisier wa Ufaransa alipima vitu katika vyombo vilivyozibwa, kabla na baada ya kuvibadilisha kwa moto, akaona uzito wa jumla haubadiliki. Kaboni ya makala imeungana na oksijeni: gramu 12 kwa gramu 32, ikatoka dioksidi ya kaboni gramu 44. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na ndiyo ile ya mazuku, inayolala katika mabonde na mashimo ya huku kwetu na kuua mbuzi na watu. Oksijeni ikiwa haba, makala hutoa pia monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, inayoua mtu amelala. Jaribio hili lifanyike nje tu, hata mvua ikitishia.

Matokeo yako yakipingana na yangu, yaache kwenye kaye kama yalivyo, kisha tafuta kilichotofautiana: kifuniko kisichokaa sawa, mchemko uliokatika, mbegu zilizochanganywa vibaya. Ukishatosheka, chukua swali la pili, mfano kuloweka na kutoloweka, huku moto ukibaki uleule.

Wanafunzi wangu wanalipenda zaidi swali la urefu. Kiwango cha mchemko hushuka nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Juu ya Nyiragongo, mlima wa volkano wa hapa kwetu, mita 3,470, kingekuwa karibu 88. Kinshasa, iliyo chini sana, ni karibu 99. Kwa hiyo nabashiri kwamba maharagi yaleyale yataiva mapema Kinshasa. Ukiwa na ndugu kule, mtumie nusu ya gunia lako mjaribu siku ileile. Mtumie na bidoni ya maji ya hapa, kwa sababu maji yenye chokaa nyingi huchelewesha maharagi, na akitumia ya kwake mtakuwa mmebadilisha vitu viwili.