Somo: Kufunga paa la mabati kabla ya masika na kusi, Malindi

Kila ikifika Februari naulizwa swali lile lile: "Bati moja lipigwe misumari mingapi?" Nimechoka kulijibu moja moja, kwa hivyo naandika hapa mara moja. Swali lenyewe limekaa upande. Misumari hushika bati kwenye mbao. Na mbao je, zimeshikwa na nini?

Masika huku kwetu hukolea Mei, na kusi huwa imeshaingia. Kazi hii ifanyike sasa, kaskazi ikimalizika na paa likiwa kavu.

1. Zibua mitaro na mifereji ya paa.

2. Mwite mkwezi aangue nazi na akate makuti makavu kwenye minazi iliyoinamia nyumba.

3. Bati lililoliwa na chumvi libadilishe. Kutu haishiki msumari.

4. Msumari wenye mpira upite kwenye mgongo wa bati, si bondeni. Upenuni na kwenye pembe ikaribiane kuliko katikati, maana huko ndiko upepo huanzia.

5. Funga paa kwenye ukuta. Hapa ndipo nilipokosea mimi.

Nilijenga vyumba viwili Muyeye. Nilisimama na fundi mchana kutwa, kila bati likapigiliwa sawasawa. Ile mbao inayolala juu ya ukuta, mafundi huiita wolpleti, ilikuwa imelazwa tu kwenye saruji, na sikuuliza. Usiku mmoja wa Mei mlango wa upande wa kusi ukafunguka. Upepo ukaingia ukakosa pa kutokea, ukalisukuma paa kutoka ndani, na ule wa nje ukalivuta kwa juu. Asubuhi tulilikuta shambani kwa jirani. Hakuna bati hata moja lililobanduka. Mbao zenyewe ndizo zilizoondoka. Mwanangu alikuwa amelala chini ya pembe ile. Hakuumia, Alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo sipiti penye nyumba inayojengwa bila kutazama juu ya ukuta.

Kama bado unajenga, acha ncha za nondo zitokeze kwenye linta, ile boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, uzikunje juu ya wolpleti. Kama nyumba imekwisha, toboa ukuta kozi (safu za mawe) mbili au tatu chini ya wolpleti, pitisha waya mnene usioshika kutu, uzungushe juu ya mbao mara mbili, ukaze kwa kipande cha nondo, kisha uzibe tundu kwa saruji. Kila kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, nayo ifungwe kwenye wolpleti.

Usitumie waya mwembamba wa kufungia nondo. Hewa ya bahari huumaliza. Usifunge kwenye kozi ya juu kabisa, paa litaondoka na jiwe lake. Na upepo ukishaanza, asipande mtu.

6. Mlango na madirisha ya upande wa kusi yawe na komeo la kweli.

MASWALI

Kijana wa Barani: Sasa misumari mingapi kwa bati?

Jibu: Soma ya 4, kisha ya 5.

Kijana wa Barani: Nimesoma. Mimi huweka mawe juu, miaka yote yanashika.

Jibu: Siku yasiposhika yatamwangukia mtu. Yashushe leo.

Mama Mambrui: Kaka, yangu ni ya udongo na makuti. Huo waya nitaupitisha wapi?

Jibu: Mama, usitoboe, udongo hautashika. Funga makombamoyo, ile miti inayobeba paa, kwenye nguzo zilizochimbiwa chini, hasa za pembeni. Kamba za makumbi zilizokauka zibadilishe zote, na kwenye kipaa laza fito juu ya makuti uzifunge. Makuti hupumua, kwa hivyo upepo haujai ndani kama kwenye mabati.

Mwanafunzi, Lamu: Kwa nini vimbunga hupiga Msumbiji na Madagaska, lakini kwetu ni nadra?

Jibu: Swali zuri sana. Kimbunga huzungushwa na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta. Vingi huzaliwa zaidi ya nyuzi 5 kutoka ikweta. Malindi tuko kama nyuzi 3, ninyi Lamu 2. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 2024, na hilo si jambo la kila mwaka. Lakini paa halingoji kimbunga. Wingu zito la mvua likishusha hewa baridi kwa ghafla, dakika chache zinatosha.

Dereva, Gongoni: Nje ya mada kidogo. Malindi hakujanyesha, Sabaki imejaa vipi?

Jibu: Maji hayo ni ya bara. Mto huo ni Athi huko Nairobi na Ukambani, ukishuka huwa Galana, kisha Sabaki. Sikiliza mvua ya huko. Na usijaribu maji yanayokimbia barabarani: sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima, 60 huchukua magari mengi.

Mama Mambrui: Na maji ya paani, nikinge?

Jibu: Kinga. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 50 ni kama lita 3,000. Ya mvua ya kwanza yamwage, yameosha chumvi na uchafu wa kunguru.

Kijana wa Barani: Nimepanda kushusha mawe. Nimeisukuma wolpleti kwa mkono, inacheza.

Jibu: Usipande tena peke yako. Tafuta tindo na waya mita 20. Jumamosi asubuhi nitakuja tuifunge pamoja.