Una kampuni yako Uingereza na unapiga kontrakti: ujilipe mshahara paundi ngapi?

Wadau wa UK, hili swali naulizwa sana, na karibu kila anayeniuliza keshafungua kampuni, keshapata kontrakti, hela ya kwanza imeshaingia benki, ndo anapiga simu, "kaka, sasa hii hela naitoaje?" Na wengi kabla hawajapiga simu washaanza kuchota, leo 400 ya matumizi, kesho 1,500 ya fundi Kibaha, keshokutwa ada ya mdogo wake, yote kutoka akaunti ya kampuni, bila karatasi hata moja. Naandika hapa nikiwa na muda ili nikiulizwa tena nitume hii.

Jibu fupi: kama upo peke yako kwenye kampuni, kontrakti zako ziko nje ya IR35 (ile sheria ya kodi inayombana anayefanya kazi kama mwajiriwa wa mteja ila analipwa kupitia kampuni yake) na huna ajira nyingine pembeni, jilipe paundi 12,570 kwa mwaka, yaani 1,047.50 kwa mwezi, na kinachobaki kitoe kama gawio, yaani faida ya kampuni anayopewa mwenye hisa. Namba ninazotumia ni za mwaka wa kodi 2025/26, ule wa 6 Aprili 2025 hadi 5 Aprili 2026.

Kwa nini 12,570? Hapo ndo mwisho wa kipato kisichotozwa kodi, hakijasogea tangu 2021, na hapohapo ndo mfanyakazi anapoanza kukatwa NI, ile National Insurance, ambayo kwa mtu wa nyumbani ifikirie kama NSSF na mambo mengine ndani yake. Kwa hiyo wewe kama mfanyakazi hukatwi hata senti. Ila kampuni inalipa kitu, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana tangu Aprili 2025 mwajiri anaanza kulipa NI kuanzia mshahara wa 5,000, zamani ilikuwa 9,100, na asilimia imepanda kutoka 13.8 hadi 15. Baada ya hayo mabadiliko watu wakaanza kuambiana basi ujilipe 5,000 tu usimpe HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, kitu. Inaingia akilini ukiisikia, lakini kaa chini upige hesabu.

Mshahara wa 12,570 unazidi 5,000 kwa 7,570. Asilimia 15 ya hiyo ni 1,135.50, hiyo ndo NI ya kampuni. Lakini mshahara na hiyo NI vyote ni gharama za kampuni, vinatolewa kabla ya kodi ya faida ambayo ni asilimia 19 kwa faida isiyozidi 50,000. Ukijumlisha 7,570 na 1,135.50 unapata 8,705.50, ukiiacha hiyo ndani ya kampuni kama faida, inakatwa asilimia 19, inabaki 7,051 ya kukupa kama gawio. Ukijilipa mshahara, mkononi inafika 7,570 nzima. Ukirekebisha na kanafuu kadogo anakopata wa 5,000 kwenye kodi ya gawio, aliyejilipa 12,570 anamzidi wa 5,000 kwa kama paundi 470 kwa mwaka. Na kama faida yako imevuka 50,000, pale kodi ya kampuni inapouma zaidi, tofauti inakuwa kubwa zaidi ya hapo.

Halafu kuna jambo la pensheni ya serikali ambalo vijana hawataki kulisikia. Ili mwaka wako uhesabiwe lazima mshahara ufike walau 6,500 kwa 2025/26. Wa 5,000 mwaka wake umepotea labda aje aulipie mwenyewe. Unahitaji miaka 10 kupata chochote na 35 kupata pensheni kamili, na sisi wengi tumekuja huku tukiwa na miaka 28, 30, 35, hatuna miaka ya kuchezea. Hata kama unapanga kuzeekea Tanga, hiyo pensheni inalipwa hadi ukiwa nje.

Sasa mfano mzima. Mtu wa IT analipwa 300 kwa siku, kafanya siku 210, invoisi zimefika 63,000 bila VAT. Mhasibu, bima, laptop na vinginevyo vimekula 2,750. Mshahara na NI yake 13,705. Faida inabaki kama 46,544, kodi ya kampuni 8,843, kinabaki 37,700 cha kugawa. Ukichukua yote, 500 ya kwanza haina kodi, iliyobaki asilimia 8.75, unadaiwa 3,255. Mkononi kwa mwaka mzima 47,000 na kidogo. Na ukijumlisha mshahara na gawio unafika 50,270, ambapo ndo mpaka wenyewe, ukivuka hapo gawio linatozwa asilimia 33.75, kwa hiyo kama huna shida ya haraka iache hela ndani ya kampuni au kampuni ikuwekee kwenye pensheni binafsi, nayo inahesabika gharama. Jueni pia kwamba ile asilimia 8.75 ya gawio imepandishwa hadi 10.75 kuanzia 6 Aprili 2026, huyuhuyu jamaa anadaiwa kama 744 zaidi kwa kazi ileile.

Ile 3,255 hakuna anayekukata mwezi kwa mwezi kama PAYE. Inakusubiri mpaka 31 Januari baada ya mwaka wa kodi kuisha, na kwa kuwa imezidi 1,000 na hujakatwa kitu kwenye mshahara, HMRC wanataka na nusu ya mwaka unaofuata hapohapo, kwa hiyo siku hiyo unatoa 4,882.50, kisha 1,627.50 nyingine 31 Julai. Nimeona mtu mzima analia Januari, Desemba katoka kufanya harusi ya mdogo wake kwa hela ambayo haikuwa yake. Fungua akaunti ya pembeni, kila ukichukua gawio weka asilimia 10 au 12 humo, usiiguse hata mama akipiga. Namaanisha kabisa, hata mama akipiga.

Na mimi yamenikuta. Mwaka 2018 nilipata kiwanja Bagamoyo, muuzaji ana haraka kama wauzaji wote, nikaangalia akaunti ya kampuni ina hela nzuri tu, nikatoa paundi 14,000. Kumbe ndani ya ile hela kulikuwa na VAT ya robo ile na kodi ya kampuni ya mwaka, faida halisi haikuwepo. Gawio haliwezi kutoka pasipo faida, kwa hiyo ile ikahesabiwa kuwa mimi mkurugenzi nimeikopa kampuni. Nikashindwa kurudisha ndani ya miezi tisa na siku moja baada ya mwaka wa kampuni kufungwa, kampuni ikatozwa asilimia 32.5 ya deni, wakati ule ndo ilikuwa hiyo, kwa 2025/26 ni 33.75. Paundi 4,550. Hurudishiwa ukishalipa deni, ndiyo, lakini inachukua muda mrefu, na kwa kuwa mkopo ulizidi 10,000 bila riba nikatozwa kodi binafsi kama mtu aliyepewa marupurupu. Mhasibu niliyekuwa naye hakuniambia lolote mpaka mwisho wa mwaka, lakini kitu chenyewe kingezuilika kwa kumuuliza swali moja kabla ya kutoa.

Kwa hiyo kila hela inayotoka iwe na jina. Mshahara upitie PAYE, kampuni isajiliwe HMRC kama mwajiri na taarifa itumwe siku ya malipo au kabla, hata kama kodi ni sifuri. Gawio liwe na muhtasari wa kikao, ndiyo, kikao chako na wewe mwenyewe, na vocha yake yenye tarehe na kiasi. Ni dakika kumi tu.

Kama wewe na mke au mume mnafanya kazi kweli kwenye kampuni na wote mnalipwa zaidi ya 5,000, mnaweza kuomba Employment Allowance, inafuta NI ya mwajiri hadi 10,500, wa peke yake hapewi. Nasema kazi kweli, usimwandikie mshahara mtu ambaye hajui hata kampuni inaitwaje. Walioko ndani ya IR35, haya mengi hayawahusu, mara nyingi kodi na NI zinakatwa kabla hela haijafika kwako, wengi wenu mtaona afadhali kupitia umbrella, yaani kampuni ya kati inayokuajiri na kukukatia kodi. Na ulioko kwenye viza ya Skilled Worker umefungwa na mwajiri aliyekudhamini, usianze kontrakti kwa kampuni yako kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji.

Nimeliacha la familia mwisho kwa makusudi kwa sababu ndo linaloumiza zaidi. Unayetaka kumleta mwenzi wako, tangu 11 Aprili 2024 unatakiwa kuonyesha kipato cha 29,000 kwa mwaka. Kwa mwenye kampuni yake wanachohesabu ni mshahara na gawio ulilochukua wewe, kwenye mwaka wa mwisho kamili wa kampuni, faida iliyolala kwenye akaunti ya kampuni haihesabiwi hata iwe laki. Kuna ndugu yangu mmoja kampuni yake ilikuwa inaingiza vizuri mno, yeye kwa kubana kodi alijilipa 12,570 na gawio la 10,000, jumla 22,570, mke yuko Mwanza na vyeti vyote tayari. Ikabidi asubiri mwaka mwingine mzima wa kampuni uishe, achukue gawio la kutosha, ndo aombe. Kwa huyo, kuongeza gawio la 6,430 kungemgharimu kodi isiyofika 600.

Kama una mpango huo, angalia leo mwaka wa kampuni yako unaisha mwezi gani. Kabla ya tarehe hiyo hakikisha mshahara na gawio vimefika 29,000 na ziada kidogo, vyote viwe vimeingia kwenye akaunti yako binafsi, na salari slipu, P60 (karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi), vocha za gawio na hesabu za kampuni viseme namba moja.