Kagua Laini na Taarifa Yako ya Mikopo Kabla ya Minada ya Korosho

Mkulima wa Tandahimba, Newala au Nachingwea anayeuza korosho kwa stakabadhi ghalani, yaani kwa kuziweka ghalani na kupewa risiti hadi zinunuliwe mnadani, hulipwa kupitia akaunti ya benki, na mtu aliyeipata namba yake ya NIDA, ile yenye tarakimu 20, anaweza kujaribu kukopa kwa jina lake pasipo yeye kujua. Kwa hiyo ukaguzi huu ufanyike Septemba, kabla ya minada kuanza.

Anza na laini za simu. Piga *106# na ufuate maelekezo hadi uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiharakishe hapa, kwa kuwa mkopo wa simu huanzia kwenye laini. Shangazi yangu alisajili laini stendi, chini ya mwavuli wa wakala, akaambiwa kwamba kidole hakijasoma, kikafutwa kwa kitambaa na kuwekwa tena mara tatu. Alirudi nyumbani na laini moja, lakini tulipokagua tulikuta mbili. Jambo hili liliniuma sana, kwa sababu mtu aliyebangua korosho miaka mingi huamini upesi kwamba kidole chake hakisomi, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi kweli. Ukiambiwa hivyo, omba kuona kioo cha mashine, na usiondoke kabla ya kupiga *106#. Laini usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika ukaombe ifutwe.

Hatua ya pili ni kuomba taarifa yako ya mikopo kutoka kwa kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet, ambazo hukusanya kumbukumbu za wakopaji kutoka kwenye mabenki na wakopeshaji wengine. Ukiipata, usiishie kwenye deni. Soma namba ya simu na anwani zilizoandikwa, tarehe ya kila mkopo, na hasa orodha ya waliouliza habari zako, kwani mkopeshaji ambaye hukuwahi kumwendea akionekana humo, huenda kuna mtu ameshaanza kujaribu.

Ukikuta mkopo usio wako, ukatae kwa barua kwa mkopeshaji na kwa kampuni iliyotoa taarifa, ukachukue RB (namba ya taarifa uliyoandikisha) polisi, na ubaki na nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kudai kumbukumbu zenye makosa zirekebishwe. Usilipe hata shilingi elfu moja ili yaishe, kwa kuwa malipo hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali deni. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kila unapoacha kivuli cha kitambulisho mahali, andika juu yake kwa kalamu, ukikatiza maandishi, kazi kiliyotolewa na tarehe.