Kabla hujaagiza lebo za nguo, pita kwanza Karume

Nashona magauni ya watoto na mashati ya kitenge hapa Ilala, Dar es Salaam. Fundi kijana akiniuliza aagize lebo gani, namtuma kwanza soko la Karume, kwenye mitumba. Asinunue kitu, apekue shingo za nguo tu. Nguo ya mtumba imeshafuliwa sana huko ilikotoka, na lebo yake inakuonyesha jambo ambalo sampuli mpya haiwezi kukuonyesha. Utakuta lebo za satini ambazo wino umefutika, hata saizi haisomeki. Utakuta pia shati lililopauka na kola imelika, lakini lebo yake ya kufumwa bado inasomeka herufi kwa herufi.

Kwenye lebo ya kufumwa, maandishi ni uzi wenyewe. Kwenye ya kuchapwa, ni wino uliokaa juu ya kitambaa. Ndiyo maana jina la biashara yangu nalifumisha, na maelezo ya kufua nayachapisha kwenye satini laini inayoingia kwenye mshono wa ubavuni. Kwa kufuma, punguza maneno. Herufi za chini ya milimita 2 hubanana zikawa doa, na mchoro wa rangi zinazofifia kidogo kidogo hautoki vizuri.

Sasa shingo, na hapa naomba unisikilize sana. Oda yangu ya kwanza ilikuwa lebo 200, nzuri ajabu kwa macho. Nikazishona kwenye magauni ya Idi. Baada ya sikukuu mama mmoja akanipigia: "Dada, mtoto anajikuna mpaka shingo imechubuka." Nililichukua lile gauni, nikapitisha lebo ndani ya kiwiko changu. Kingo zilikwaruza kama mshipi wa kuvulia samaki. Lebo nyingi za poliesta hukatwa kwa moto ili zisifumuke. Nyuzi huyeyuka pale ukingoni, na zikipoa hukakamaa. Niliwaita wateja wote niliokuwa na namba zao, nikafumua lebo moja moja kwa wembe, na iliniuma, maana waliolia ni watoto. Tangu siku hiyo sampuli haipiti kwangu kabla sijaisugua ndani ya kiwiko, ukingo kwa ukingo.

Dawa mojawapo ni mkunjo. Omba lebo iliyokunjwa ncha zote mbili kwenda nyuma, ili ule ukingo mkali ulalie kitambaa na usiguse ngozi. Iliyokunjwa katikati hubanwa ndani ya mshono na kubaki ikining'inia kama ulimi. Hiyo inafaa nguo nyepesi ambayo mshono wa lebo ungeonekana kwa nje. Ukiagiza hii, acha nusu sentimita au zaidi isiyo na maandishi kila ncha, la sivyo cherehani itakula jina lako. Kama gauni lina upapi shingoni, yaani kipande cha kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa shingo, shona lebo juu ya upapi kabla hujauunganisha na gauni, na nje hapatakuwa na alama hata moja.

Fulana za watoto wachanga sizishonei lebo kabisa. Natumia ya kubandika kwa joto, baada ya kuijaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho, kwa sababu kitambaa cha sintetiki kinaweza kung'aa au kuyeyuka chini ya pasi.

Lebo ya utepe wa pamba inapendeza sana kwenye kitenge, ila iloweke maji ya moto na uikaushe kabla ya kushona. Usipofanya hivyo itasinyaa baada ya kufuliwa na kuikunja shingo.

Kuhusu maandishi, usiandike "pamba 100%" kwa sababu muuza kitambaa amekwambia hivyo. Chomoa uzi uuchome. Pamba huungua ikaacha majivu mepesi yenye harufu ya karatasi; poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko hukupa vyote viwili, basi usiuite pamba tupu. Alama ya pasi nayo ina maana: nukta moja ni pasi ya moto mdogo, mbili ni ya moto wa wastani, tatu ni ya moto mkali. Mteja akifuata nukta tatu ulizoweka kwenye satini ya poliesta, ataiunguza kwa maelekezo yako.

Ukipata sampuli, ishone kwenye kitambaa chakavu, uifue mara kumi kwa sabuni unayotumia nyumbani, uianike juani na uipige pasi kila mara. Ikivumilia, agiza 100 tu kwanza. Mimi nina daftari ambalo kila oda nimebandika lebo mbili, moja mpya na moja iliyofuliwa, na pembeni nimeandika bei na jina la aliyenitengenezea. Nikitaka kuagiza tena, nalibeba na kuliweka mbele yake.