Kumfundisha msaidizi wa daktari wa meno kuziba mifereji ya magego

Mifereji inayozungumziwa hapa ni mikunjo midogo iliyo juu ya gego, si mifereji ya mzizi; huzibwa kwa resini, yaani utomvu laini unaogandishwa kwa taa ili chakula kisikwame humo. Anza na sheria, si na vifaa. Kazi inayoruhusiwa kwa wasaidizi mahali pamoja huenda imekatazwa kwingine. Marekani, kwa mfano, kila jimbo lina kanuni zake. Tena ruhusa hutolewa kwa kazi mojamoja. Aliyefuzu kupaka vanishi ya floridi (dawa ya kukinga meno yasioze) bado hajafuzu kuziba mifereji, hata kama mkono wake ni mwepesi. Pata kwa maandishi: kazi gani, chini ya usimamizi wa nani, na kama daktari lazima awepo jengoni.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, msaidizi awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida ni dozi tatu katika miezi 0, 1 na 6, kisha apimwe kingamwili mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Cheti cha huduma ya kwanza ya kuokoa maisha kiwe hai, na mafunzo ya kuzuia maambukizi yasiwe yamepitwa na wakati.

Darasani, mfundishe umbo la magego na muda wa kuota: ya kwanza ya kudumu huota karibu na miaka 6, ya pili karibu na 12. Kuamua jino gani lizibwe ni kazi ya daktari. Msaidizi anachopaswa kujua vizuri ni wapi pa kusimama: akiona shimo, au gego ambalo fizi bado imelifunika kwa nyuma, aweke vifaa chini na kumwita daktari.

Mazoezi yafanyike kwenye meno yaliyong'olewa. Yaloweke kwenye formalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili ili kuua vimelea, kisha yatunzwe yakiwa na unyevu, maana jino kavu hupasuka. Lenye amalgamu (kizibo cha jino chenye zebaki) lisiingie otoklevu, yaani mashine ya kuua vimelea kwa mvuke wa moto, kamwe, kwani joto hutoa mvuke wa zebaki.

Nusu ya somo hili ni kuzuia mate. Safisha jino, weka roli za pamba na mrija wa kufyonza, kausha, kisha paka asidi ya fosfori ya asilimia 35 hadi 37 kwa sekunde 15 hadi 30, ukifuata maelezo ya mtengenezaji. Suuza vizuri, badilisha pamba bila kuruhusu ulimi uguse jino, ukaushe tena. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikiwa tayari huonekana nyeupe kama chaki. Isipoonekana hivyo, rudia asidi. Mate yakigusa sehemu hiyo hata mara moja, protini zake huziba vinyweleo vilivyochimbwa na asidi, na resini haitashika. Kupangusa hakutoshi, suuza, kausha na upake asidi upya. Wanafunzi wengi hukwepa hatua hii kwa sababu mtoto ameshachoka.

Resini iwe kidogo, isukumwe kuanzia upande mmoja ili isifunge viputo vya hewa. Ncha ya taa ya kugandisha resini isogezwe karibu kabisa bila kugusa, kwa takribani sekunde 20, macho ya wote yakiwa yamekingwa. Kisha jaribu kuibandua kwa ncha ya kifaa cha uchunguzi: ikitoka sasa, afadhali kuliko kutoka baadaye. Malizia na karatasi ya kung'atia, kwani resini iliyozidi hugongana na jino linalokutana nalo.

Kwa wagonjwa wa kwanza, msimamizi akae pembeni ya kiti tangu mwanzo, asije mwishoni kutia sahihi tu. Kitabu cha mafunzo kionyeshe tarehe, jino, njia ya kuzuia mate, kosa lililotokea na sahihi. Kama kanuni haikutaja idadi, meno 20 mfululizo bila kusaidiwa ni kiwango cha haki. Kosa moja la mate lisiloripotiwa lirudishe hesabu kwenye sifuri. Wagonjwa haohao waitwe baada ya miezi 6, na msaidizi mwenyewe ndiye akague ni mifereji ipi imebaki imezibwa.