Kupika kuku wa kienyeji hadi alainike

Kuku anayezurura uani siku nzima, kama walivyo wengi katika nyumba za Kigoma, huwa na misuli iliyokaza, na moto mkali humzidishia ugumu. Kabla ya kuchinja, bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari: ikipinda, kuku bado ni mchanga na saa 1 hivi jikoni humtosha, ikiwa ngumu, au jogoo akiwa na kipi kirefu mguuni, tenga saa 2 hadi 3.

Nyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, hivyo mwenye jokofu amhifadhi humo hadi kesho yake, na asiye nalo ampike siku hiyohiyo bila kumlaza katika joto.

Papai bichi lililokwaruzwa, kijiko 1 au 2 tu, lipakwe kwa nusu saa, kwa kuwa utomvu wake huvunja protini za nyama na ukikaa mno huifanya iwe rojorojo. Kisha mtie sufuriani pamoja na chumvi, tangawizi na maji ya kumfunika, ufunike, na upunguze mkaa mpaka supu itokote polepole, maana ni joto hilo la taratibu linaloyeyusha nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli. Nyama ikishalainika, na si kabla, kaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, uirudishe humo na supu yake kwa dakika 10. Ugali wa muhogo unamfaa sana, kuliko wali kwa maoni yangu.